Kurekodi ngoma ili ije ifundishike

Rekodi nyingi za muziki wa asili zinasikika vizuri lakini hazifundishi kitu. Chukua amadinda ya Buganda, marimba yenye mbao 12. Wapigaji wawili hukaa wakitazamana, kila mmoja akijaza nafasi anazoacha mwenzake, na wa tatu hushika mbao mbili za sauti ya juu kabisa. Masikio ya msikilizaji hupata tuni za kasi ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga peke yake. Ukirekodi kikundi kizima kwa mkupuo, mjukuu atakayeisikiliza baadaye atasikia muziki mtamu asiweze kuufumua. Gerhard Kubik, mtafiti wa muziki kutoka Austria aliyefika Uganda mwaka 1959, aliuelewa mpangilio huo kwa kukaa chini na kujifunza kupiga kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa Buganda.

Kwa hiyo napendelea kurekodi kwa mafungu. Kwanza wimbo wote, kikundi kikiwa katika hali yake ya kawaida. Kisha anayeanza apige peke yake kwa dakika mbili, halafu wa pili aingie juu yake, halafu wa tatu. Usimwombe wa pili apige akiwa peke yake. Amezoea kuegemea mapigo ya mwenzake, na akikosa pa kuegemea huanza kuhesabu kwa namna nyingine, nawe utakuwa umehifadhi kosa. Weka kamera ikitazama mikono kutoka juu; nyuso zitapata zamu yake.

Mlinganyo wa ala, yaani jinsi sauti zake zilivyopangwa kutoka chini hadi juu, ndio unaosahaulika zaidi. Piga kila ubao, uzi au ulimi mara tatu, ukiacha sauti ife yenyewe. Katika muziki wa Buganda oktava hugawanywa hatua tano zinazokaribia kulingana, kama senti 240 kila moja (senti hapa ni kipimo cha umbali kati ya sauti mbili), ilhali nusu toni ya piano ni senti 100. Anayezisogeza sauti hizo zifuate kinanda hasahihishi chochote, anaharibu.

Hali ni hiyo hiyo kwa mvumo. Ilimba ya Wagogo, ala ya ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, ina matundu yaliyofunikwa utando wa buibui, nao hutetemeka na kuipa ala sauti yake ya kukwaruza. Programu za kuondoa kelele huufuta mvumo huo kwa kuudhani kasoro. Nakala ya msingi isiguswe na programu yoyote.

Kwenye mashine, zima urekebishaji wa sauti unaojiendesha. Ukiacha umewashwa, kila pigo la ngoma kubwa litaishusha sauti yote, kisha itapanda polepole, na mwimbaji atasikika kama anazama na kuibuka. Panga kiwango kwa mkono, mapigo makali zaidi yaishie kwenye desibeli -12. Hifadhi kwa WAV ya biti 24, kilohezi 96. Saa moja ya stirio itachukua takriban GB 2. MP3 ni ya kusambazia tu, kwa kuwa inachotupa hakirudi.

Andika pia ala imetengenezwa kwa nini: mti gani, ngozi ya mnyama gani, urefu, unene. Bigwala za Busoga, ambazo mwaka 2012 UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, ni tarumbeta za vibuyu. Mbegu ya kibuyu kinachofaa ikipotea, rekodi nzuri kiasi gani haitamrudishia mtu ala.

Ruhusa iombwe mara tatu, kila moja kivyake: ya kurekodi, ya kuhifadhi, ya kuweka intaneti. Mtu anaweza kukubali mbili za kwanza akakataa ya tatu, na ana haki. Nyimbo za jando na unyago zina watu wanaoruhusiwa kuzisikia na wasioruhusiwa. Sharti hilo liandikwe ndani ya faili la maelezo na liandamane na sauti popote iendako, la sivyo mhifadhi anayekuja ataziachia bila kujua. Humo humo yawepo majina ya wapigaji, kijiji, tarehe, lugha, na wimbo huimbwa wakati gani.

Weka nakala tatu, mojawapo katika jengo jingine, na moja zaidi wabaki nayo wenye muziki. Kila mwaka fungua faili zote usikilize: diski huharibika kimyakimya hata ikiwa imelala kabatini.