Je, wajua kwa nini marufuku ya mkaa inaungwa mkono Gulu, kaskazini mwa Uganda, na kununiwa mji mkuu, Kampala?

Mei 2023 Rais Museveni alitia saini Amri ya Kiutendaji Namba 3, iliyopiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa Uganda. Amri ni hiyo hiyo moja. Waacholi, wenyeji wa Gulu, wanalalamika kwamba imelegea, na mama wa Kampala anayepikia sigiri analalamika kwamba imemkaza. Ukimuuliza yeyote kati yao kama misitu ilindwe, atakubali bila kusita. Wanaachana pale gharama inapoangukia.

Kaskazini, gharama ni mti wenyewe. Wakati wa vita vya waasi wa LRA watu waliishi kambini kwa miaka mingi, na miti ikakomaa kwenye ardhi za koo zao. Wachuuzi hutafuta miti migumu kwa sababu mkaa wake ni mzito na hukaa na moto: beyo, na yaa, ule mti unaotoa mafuta ya shea ambayo Waacholi huyaita moo yaa. Yaa huchukua takriban miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa vizuri. Akina mama wanaookota mbegu zake wanajua kwamba ukikatwa leo, ni wajukuu watakaopata mavuno mengine.

Tanuri la udongo huzidisha hasara hiyo. Magogo hupangwa, hufunikwa kwa nyasi na udongo, kisha huwashwa na kuachwa yafuke kwa siku kadhaa. Kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 hadi 15 tu za mkaa, kwa hiyo gunia la kilo 60 limemeza kilo 400 hadi 600 za mti. Kuni zikiwa mbichi, moto mwingi huishia kukausha maji. Udongo ukipasuka usiku na mlinzi amelala, hewa huingia na asubuhi kuna majivu. Moshi wake pia hubeba methani, gesi inayopasha hewa joto zaidi kuliko kaboni dioksidi. Tanuri lenye bomba la moshi, aina ya Casamance, linaweza kufikia kilo 25 au zaidi, lakini mchomaji anayehama kila wiki haoni sababu ya kununua bomba.

Sasa tazama amri inavyotekelezwa. Mkaa wa nyumbani haukukatazwa, na barabarani gunia la nyumbani na la biashara hayana tofauti. Ukaguzi hufanyika kwenye kizuizi, mti ukiwa umeshaanguka. Mfanyabiashara huficha magunia chini ya mizigo mingine, na hatari ya kukamatwa anaiongeza kwenye bei. Anayeilipa ni mpangaji wa Kampala anayenunua kopo moja kwa siku, na maharagwe yake makavu yanataka saa mbili au tatu motoni. Kwake sheria ya mazingira ni bei ya kopo. Hasira yake ni ya haki kabisa.

Ndiyo maana kura za maoni kuhusu sheria hizi zisomwe kwa uangalifu. Swali "je, serikali ilinde miti?" huleta ndiyo nyingi, "je, uko tayari mkaa upande bei?" huleta majibu mengine kutoka kwa watu wale wale.

Umeme ungeweza kuwapatanisha, kwani jiko la umeme la presha hupika maharagwe kwa karibu nusu uniti. Serikali ilileta bei nafuu ya umeme wa kupikia kwa wateja wa nyumbani, lakini jinsi ilivyopangwa, nafuu ilianzia uniti ya 81 ya mwezi na kuishia ya 150. Ukiacha uniti 15 za kwanza za bei ya chini, zote za katikati zililipwa bei kamili. Familia ya chumba kimoja yenye taa, simu na redio huumaliza mwezi kabla ya kufika hapo, na jioni sigiri inawashwa tena.