Ramani ya wazi na nyumba inayobadilika: mambo mawili, si moja

Wachora ramani wa Dar es Salaam siku hizi huombwa sana "ramani ya wazi", yaani sebule, sehemu ya kulia na jiko vikae katika ukumbi mmoja usio na kuta katikati. Mteja huyohuyo huongeza kwamba anataka nyumba itakayobadilika kadiri familia inavyobadilika. Maombi hayo mawili hutajwa pamoja, kana kwamba ukipata moja umepata na jingine. Sivyo. Uwazi unahusu maisha ya kila siku: nani anamwona nani, upepo unapita wapi. Kubadilika kunahusu miaka: chumba cha mtoto kiwe cha bibi, kisha cha mpangaji, bila kubomoa kitu.

Itazame nyumba ya Kiswahili, ile ya Kariakoo au Magomeni. Baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani nyuma kwenye jiko, choo na stoo. Ndani haina uwazi hata kidogo. Ila kwa kubadilika, nyumba nyingi za kisasa za Mbezi au Goba haziifikii. Vyumba vyake vinakaribiana ukubwa na kila kimoja kina mlango wake wa koridoni, kwa hiyo kinacholala watoto leo mwakani kinapangishwa, na cha mbele kinageuzwa duka la kuuzia dirishani. Mwenye nyumba angeweza kuanza na vyumba viwili akaongeza vingine pesa zikipatikana.

Nyumba yenye sifa zote mbili ipo Utrecht, Uholanzi. Gerrit Rietveld aliibuni mwaka 1924 pamoja na mwenye nyumba, Truus Schröder, mjane mwenye watoto watatu. Ghorofa ya juu ina kuta za kusukuma: zikifunguliwa ni ukumbi mmoja, zikifungwa ni vyumba vya kulala.

Kuta zinaweza kucheza namna hiyo pale tu ambapo hazijabeba kitu. Msanifu majengo Le Corbusier alilichora wazo hilo mwaka 1914 katika mfumo alioupa jina Dom-Ino: nguzo na sakafu za zege ndizo zinazosimamisha jengo, kuta zinajazwa unapotaka. Kwetu nyumba nyingi za chini hujengwa kinyume chake. Kenchi zinalala juu ya kuta za tofali, hata zile za ndani, na ukuta unaoonekana kama wa kugawa tu huenda ndio umeshika paa. Anayenunua nyumba iliyokwisha kujengwa na kumwambia fundi "toa huu ukuta, tupanue sebule" anacheza na bati lililo juu ya kichwa chake. Ukumbi wa wazi huamuliwa kabla ya msingi kuchimbwa, na mhandisi akokotoe. Boriti ya zege ya kuruka mita 6 bila nguzo katikati yaweza kuhitaji kina cha karibu nusu mita. Hizo ni nondo na saruji za kutosha, na kwenye ramani hazionekani.

Faida kubwa ya uwazi kwa jiji hili, kwa maoni yangu, ni upepo, kuliko hata urembo. Kusi na kaskazi zikipokezana, nyumba yenye madirisha pande mbili zinazotazamana na isiyo na ukuta katikati hupumua yenyewe. Ukiziba madirisha ukategemea kiyoyozi, mambo yanageuka: unapoza jiko na korido ili mtu mmoja aketi sebuleni, na uniti za umeme wa Luku zinayeyuka. Milango ya kusukuma kati ya sebule na sehemu ya kulia inasaidia hapo.

Halafu kuna samaki wa kukaanga. Harufu yake haijui mipaka, na makochi ya kitambaa huihifadhi vizuri mno. Isitoshe, si kila mama anapenda mgeni apige hodi na macho yake yaangukie masufuria. Ndiyo maana familia nyingi hubaki na jiko la pili nje, la mkaa na mapishi mazito, na lile la ndani likawa la chai na kupasha chakula. Wengine huliona ni anasa. Mimi naona ni uani uleule umerudi.

Kwa upande wa kubadilika, ukuta wa jipsamu ni rahisi kuhamisha; bomba la maji taka si rahisi. Vyoo na jiko vikipangwa upande mmoja wa nyumba, upande wa pili unabaki huru kugawanywa upya. Chumba kimoja kiwe karibu na choo na kiwe na mlango wa nje: mzee asiyeweza ngazi atakaa humo, na siku kikiwa kitupu mpangaji ataingia bila kupita sebuleni kwenu. Fundi umeme naye aambiwe mapema, maana chumba kikigawanywa mara mbili, kila nusu itataka swichi yake, soketi yake na dirisha lake.