Uvunjaji wa ladha katika uigaji wa supasimetria

Kwaki, chembe zinazounda protoni na nyutroni, zipo za ladha (yaani aina) sita: u, d, s, c, b na t. Supasimetria, nadharia ambayo haijathibitishwa, inadai kwamba kila kwaki ina wenzake wawili, skwaki ya kushoto na ya kulia. Hesabu nyingi huchukulia kuwa skwaki ya t ni ya t tu. Uvunjaji wa ladha, zaidi ya ule mdogo unaoletwa na matriki ya CKM (jedwali la jinsi kwaki za kawaida zinavyochanganyika), hutokea kwa mfano skwaki za c na t zikichanganyika: chembe ileile huoza mara ikatoa c, mara ikatoa t.

Kuiga jambo hili huhitaji programu kadhaa. SPheno hukokotoa tungamo na michanganyiko, MadGraph huzalisha migongano ya protoni, Pythia hugeuza kwaki kuwa mikondo ya hadroni, Delphes huiga kigunduzi. Taarifa za modeli hupita kwenye faili la maandishi lenye muundo uitwao SLHA2, na makosa mengi huzaliwa humo.

Kwenye MODSEL, sehemu ya faili hilo inayochagua aina ya modeli, namba 6 ipewe 1 kwa kwaki, 2 kwa leptoni, 3 kwa zote. Ikibaki 0, mchanganyiko hauhesabiwi. Kisha jaza MSU2IN, jedwali la skwaki za kulia za u, c na t, kwenye safu ya 2, safuwima ya 3, yaani c na t. Thamani yake ni tungamo la kipeo cha pili: kama skwaki zote mbili zina GeV 1000 (GeV ni kizio cha tungamo la chembe) na kiwango cha mchanganyiko ni 0.3 ya 1000 × 1000, andika 300000, si 300. Utapata chembe za takriban GeV 837 na 1140. Kiwango kikizidi 1, tungamo la kipeo cha pili huwa hasi na modeli imekufa.

MSQ2IN, jedwali la skwaki za kushoto, ni ya kushughulikia kwa uangalifu zaidi, maana hugusa pia skwaki za b na s. Kuoza kwa b kwenda s na fotoni kumepimwa kuwa takriban 3.4 kwa kila 10,000. Modeli isiyokubaliana na hilo haifai hata kabla ya kuigiwa migongano.

Tahadhari kubwa ni namba za chembe. Katika SLHA2 skwaki za aina ya u, c na t hupangwa kwa tungamo, nyepesi kwanza: 1000002, 1000004, 1000006, halafu 2000002 na kuendelea. Anayeitafuta skwaki ya t kwenye 1000006 kwa mazoea huwa anachambua chembe nyingine kabisa.

Mwisho, hesabu matukio. Skwaki nyepesi ikioza nusu kwa t na nusu kwa c, jozi zake zitoe tt 25%, tc 50%, cc 25%. Ukikosa tc kabisa, huenda modeli uliyopakia MadGraph imerahisishwa na haina mwingiliano unaoiruhusu skwaki moja kutoa c na pia t; programu haitakuonya.