Pauni ya miguu mitatu: usiiyeyushe kabla hujasoma hapa

Juzi dada mmoja kanitumia picha WhatsApp, sarafu ya njano ina malkia upande mmoja na upande wa pili miguu mitatu imeungana mapajani kama feni. Kaachiwa na marehemu babake aliyekuwa baharia. Ananiuliza, kaka hii dhahabu kweli au pambo, maana sonara kaitupia jicho mara moja tu akasema feki, pauni ya dhahabu lazima iwe na mtu juu ya farasi.

Sio lazima. Ya farasi ni ya Uingereza. Hii ni ya Isle of Man, kisiwa kilicho baharini kati ya Uingereza na Ireland, kidogo mno, kama theluthi ya Unguja hivi, na wala sio sehemu ya Uingereza: kipo chini ya taji la mfalme wa Uingereza lakini kina bunge lake, Tynwald, na kina pesa zake. Pauni yao thamani sawa na ya Uingereza moja kwa moja, ila ukienda nayo dukani London utarudishiwa. Ya London kisiwani inapokelewa vizuri tu, yaani mapenzi ya upande mmoja.

Picha ikaonesha mwaka 1965, hapo ndo nikakaa vizuri kwenye kiti. Mwaka huo kisiwa hakikuwa hata na sarafu zake za sokoni, noti za serikali yao ndo walianza 1961, na sarafu za matumizi zikaja 1971. Kabla ya hapo za mwisho zilikuwa za 1839, maana mwaka uliofuata walilazimishwa kufuata hesabu ya Uingereza. Wao shilingi moja walikuwa wanahesabu peni 14, wakaambiwa sasa ni 12, watu wakaona wameibiwa mchana kweupe, pakawa na fujo mitaani. Mi nawaelewa kabisa.

Kwa hiyo hii ya 1965 haikupigwa ya kununulia mkate, ni ya kumbukumbu: nusu pauni, pauni moja na pauni tano, zote dhahabu. Na kumbukumbu yenyewe ndo inanichekesha kila nikiishika. Mwaka 1765 kisiwa kilikuwa cha familia ya Duke wa Atholl, kabaila wa Scotland, na kilijaa magendo, bidhaa zinashushwa pale kwa ushuru mdogo halafu zinavushwa usiku kwenda Uingereza. London wakachoka kupoteza mapato, wakanunua haki za yule Duke juu ya kisiwa kwa pauni 70,000. Wenyeji hawakuulizwa, na biashara iliyokuwa inawalisha ikafa. Sasa miaka 200 baadaye kisiwa kikapiga dhahabu kukumbuka siku kilipouzwa! Ni kama uweke picha ukutani ya siku shamba la babu lilipopigwa mnada. Labda walikuwa na sababu zao, mi bado naona kichekesho.

Haya, tuje kwenye mizani. Ya pauni moja ina vipimo sawa na ile ya farasi: gramu 7.99, karati 22, dhahabu safi ndani gramu 7.32. Ya pauni tano ni gramu 39.94. Ila kuna nyingine za mwaka huohuo zimeng'arishwa kama kioo kwa ajili ya wakusanyaji, hizo dhahabu yake ni 980 kwa 1000, safi kuliko karati 22, na hapa ndo wengi wanapunjwa maana mnunuzi anakulipa zote kama karati 22.

Kupima nyumbani inawezekana kama una mzani mdogo wa desimali mbili. Weka glasi ya maji juu ya mzani, rudisha sifuri, funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe ining'inie isiguse chini wala pembeni, soma namba. Pauni moja ya karati 22 itasoma gramu 0.45 hivi, ile ya 980 itasoma 0.42. Ukiona 0.9 hiyo ni shaba iliyochovywa, pole sana. Wajanja wa tungsteni wapo, uzito wake unakaribiana na dhahabu, kwa hiyo maji peke yake hayatoshi, angalia pia unene, kipenyo kiwe milimita 22, na herufi ziwe kali.

Usiisugue na dawa ya meno. Usiiunganishe pete ya kuning'inizia kwenye mkufu, moto ukishagusa ukingo mkusanyaji anaikimbia, inabaki bei ya chuma chakavu cha dhahabu. Na ile thamani yake ya jina, "pauni 1", sahau kabisa, hakuna anayeiuza kwa bei hiyo, kwa ya karati 22 anzia gramu 7.32 zidisha na bei ya gramu moja ya dhahabu ya siku hiyo, hapo ndo sakafu yako (ile ya 980 sakafu yake iko juu zaidi), ukitajiwa chini ya hapo chukua sarafu yako ondoka.

Dada kapima jana usiku na mzani wa kazini kwake. Ikasoma 0.42. Kanitumia emoji tu za kulia, leo asubuhi kaniuliza kama babake alijua.