Kisahani kupasuka pekee hakutoshi

Wengi huamini kwamba katika jaribio la Brazil, ambapo kisahani cha mwamba hubanwa ukingoni kati ya taya mbili hadi kivutike katikati, kikishapasuka tu, tayari umepata uwezo wake wa kuhimili kuvutwa. Sivyo. Fomula 2P/(πDt), yaani P mzigo, D kipenyo, t unene, inafaa pale tu ufa unapoanzia katikati. Kipenyo milimita 54, unene 27, mzigo kilonewtoni 20: jibu ni takriban megapaskali 8.7. Lakini ufa ukianzia taya zinapogusa, mwamba umepondwa, haukuvutwa. Tokeo hilo litupwe. Ndiyo maana taya huwa na mbonyeo, nusu kipenyo chake ikiwa mara 1.5 ya ile ya kisahani. Hata hivyo, katikati pana mgandamizo mara tatu ya mvuto, na namba ya jaribio hili mara nyingi huzidi ile ya kuvuta moja kwa moja.