Marehemu habadilishi jina

Jumatatu asubuhi kijana mmoja kutoka Mvumi aliniwekea mezani hati ya kubadili jina. Ina muhuri, ina picha, ina saini. Mwenye kubadili jina ni baba yake, askari mstaafu wa jeshi, ambaye familia inafuatilia pensheni yake Hazina. Nikatazama tarehe: imesainiwa miezi minane baada ya mzee kuzikwa, na mwandiko wa saini ni wa kijana mwenyewe. Mama yake alikuwa pembeni, kapakata mfuko wa nailoni wenye karatasi zote za nyumba, ananitazama usoni.

Hii ni ya nne tangu mwaka uanze, na wote wameambiwa maneno yaleyale mtaani: majina ya marehemu yakipishana kati ya karatasi za jeshi na cheti cha kifo, tengeneza hati ya kubadili jina. Wametoa hela. Inaniuma.

Hati ile ni kauli ya mtu aliye hai: mimi fulani, kuanzia leo naacha jina hili, nashika hili. Anaisaini mwenyewe, kisha inasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Marehemu hana "kuanzia leo". Na hata kama mzee angeisaini akiwa hai, ingesema ataitwaje tangu siku hiyo. Swali la Hazina ni jingine: yule aliyeandikishwa jeshini mwaka 1975 ndiye huyu aliyefariki?

Jibu lake ni kiapo cha majina, maandishi ambayo mtu anaapa kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Tuseme jeshini aliandikwa Ndahani Mazengo, akabatizwa ukubwani, na cheti cha kifo kinasema Yohana Ndahani. Huku kwetu Ugogoni hilo ni la kawaida kabisa. Bado hujafika kwenye Chibago na Cibago, ambapo karani mmoja kaandika alivyosikia na padri kaandika alivyozoea. Anayeapa aeleze hayo majina yalitoka wapi, na ataje namba ya jeshi, ile inayoanza na MT kwa askari au P kwa afisa. Jina hupotoka, namba imemfuata tangu depo, kwenye mafunzo ya mwanzo, mpaka kustaafu. Medali ya Kagera mnayoniletea ni heshima kubwa, lakini haijibu swali hili.

Sasa, nani aape? Hapa ndipo mafaili mengi yanapofia. Kiapo ni cha mambo unayoyajua mwenyewe. Mtoto aliyezaliwa 1984 hawezi kuapa baba yake aliitwaje mwaka 1975, hakuwepo. Mtafuteni kaka yake marehemu, dada yake, aliyeandikishwa naye. Mjane anafaa kama alimjua kwa majina yote mawili.

Na fanyeni hivyo kabla ya kwenda Mahakama ya Mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi, ili maombi yaandikwe "Ndahani Mazengo, anayejulikana pia kwa jina la Yohana Ndahani", na Fomu Na. IV, ile inayomteua msimamizi, itoke na majina yote. Ikitoka na moja, mtarudi palepale. Kosa likiwa kwenye cheti cha kifo chenyewe, lirekebishwe RITA, wanaosajili vizazi na vifo. Msipange foleni PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Pensheni ya mwanajeshi hulipwa na Hazina. Na msimamizi si mrithi: anakusanya, analipa madeni, anagawa, na ndani ya miezi minne anapeleka orodha ya mali mahakamani.

Kuna jambo linaloninyima usingizi. Majina mawili mara nyingine ni nyumba mbili: mke wa Dodoma anamjua Yohana, mke wa Tabora anamjua Ndahani. Kiapo ninachokiandaa kinaweza kuwa ndicho kinachomfungia mlango mwanamke nisiyewahi kumwona. Huwa namuuliza kila mjane, waziwazi, mbele ya wanawe. Wengine huinuka wakaondoka. Waliobaki nimewaandikia, na wapo wawili ambao mpaka leo sijui kama nilitenda haki.

Yule mama wa Mvumi nilimuuliza pia. Akasema hakuna mwingine, ila yupo wifi yake, aliyembebea kaka yake sanduku mpaka stesheni siku anaondoka kwenda jeshini. Anakuja Alhamisi. Nimemwambia kijana amlete na kitambulisho chake, tumpeleke kwa wakili akaape.