"Kampuni ya kabila" si ukabila

Wiki hii nimesikia tena mtu akieleza kwamba serikali ya Marekani "inagawa tenda kwa ukabila". Alikuwa anazungumzia mpango wa 8(a), unaosaidia kampuni ndogo za watu waliokosa fursa na za makabila ya wenyeji asilia kupata kazi za serikali; umeitwa hivyo kwa sababu ya kifungu chake katika sheria ya biashara ndogo. Kampuni ikikubaliwa hukaa humo hadi miaka 9, hupewa mafunzo na ushauri, na idara za serikali huweza kuipa kazi bila ushindani, au kuishindanisha na walio ndani ya mpango tu. Inalipwa kwa kazi iliyofanya. Si ruzuku.

Kinachotupotosha ni neno kabila. Tulilitoa kwenye Kiarabu, na kwetu ni watu wa asili moja na lugha moja. Leo hakuna bunge la Wachaga wala polisi wa Wachaga. Ndiyo maana "kampuni ya kabila" inatutia wasiwasi. Kule Marekani, kabila la wenyeji asilia linalotambuliwa kisheria ni serikali, na yako zaidi ya 570. Wanavajo, mojawapo ya makabila hayo, wana rais, bunge, mahakama na polisi wao, na walitiliana mkataba na Marekani mwaka 1868. Wao hujiita taifa. Mwaka 1974, katika kesi ya Morton v. Mancari iliyohusu ajira, Mahakama ya Juu ilisema kuwapa kipaumbele watu wa makabila hayo ni suala la uhusiano wa kisiasa, si la rangi.

Tofauti inaonekana kwenye umiliki. Mtu binafsi, hata awe Mnavajo, huingia 8(a) mara moja tu maishani. Kabila lenyewe linaweza kumiliki kampuni kadhaa ndani ya mpango, mradi shughuli zao kuu zisifanane, na faida hurudi kwa jamii. Mashirika ya wenyeji wa Alaska, yaliyotokana na sheria ya ardhi ya 1971, yana haki hiyohiyo ingawa yenyewe si serikali bali yana wanahisa. Kwa hiyo kuyafananisha haya na AGPO ya Kenya, mpango unaotenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, hakufai.

Ukiandika habari hizi, tafadhali andika "kampuni ya serikali ya wenyeji asilia", au "ya shirika la wenyeji wa Alaska" kama ndilo. Na ile sheria ya 1910 ya kununua kwa wenyeji asilia, kwa Kiingereza Buy Indian Act, usiiite ya "Wahindi": msomaji wa Mombasa atadhani inahusu jirani yake.